Mwalimu aliyerudi darasa la kwanza

Leo ninataka kukuelezea safari yangu ya kwenda kutembea China, katika mji mkubwa unaoitwa Guangzhou. Wengi waliniomba niandike, hasa vijana, kwa sababu wanataka kujua njia yake: viza, ndege, feza, treni. Hayo yote nitayasema. Lakini sherti nikuambie pia jambo lingine, ambalo sikuwaambia wale waliokuja kunipokea na kuuliza zawadi. Linanihusu mimi na jirani yangu, na linaanza na karatasi moja.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31 hapa Kolwezi. Leo kuna wanaume wenye ndevu, waendeshaji wa makamyo makubwa ya migodi, wanaosimama balabalani na kuniita "Mama Mwalimu", kwa sababu ni mimi niliyewashika mkono wakaandika a, e, i, o, u. Nilijivuna kwa ajili ya hilo. Sitakuficha.

Jirani yangu alikuwa mama mwenye kuuzisha samaki ya kukauka sokoni. Hakuona masomo hata siku moja. Baba yake alisema kwamba mtoto mwanamke hana kazi na kalamu. Lakini hesabu ya feza alinishinda. Alisafiri peke yake mpaka Kasenga kuchukua samaki, mpaka Kasumbalesa, mpaka Lubumbashi, akarudi bila kupotea. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama sisi wote. Siku moja nilimtupia jicho, nikaona kitabu kiko kichwa chini. Nikacheka. Sikucheka kwa sauti, lakini aliniona.

Mwaka wa 2017 kompani moja ilikuja kupima kartié yetu. Wale walio upande wa mgodi sherti wahame, walipwe. Mstari ulipita katikati ya balabala: nyumba yake ilikuwa ndani, yangu inje. Jioni moja alikuja kwangu na karatasi za Kifaransa, kurasa tatu.

"Mama Mwalimu, unisomeye hii mukanda. Kesho asubui beko nakuya, banasema nitie kidole."

Nilikuwa nimeketi mbele ya televizyo, miguu juu ya kiti. Nikamjibu: "Ni ile ile ya kila mutu. Nimechoka, mama. Ukuye kesho."

Kesho yake nilipotoka inje, wale watu walikuwa wamekwisha kupita. Karatasi ilisema nyumba moja ya vyumba viwili. Haikutaja nyumba ndogo ya nyuma, ambamo alikuwa na wapangaji wawili. Haikutaja miembe yake mitatu. Alipokwenda kulalamika, walimwonyesha alama ya kidole chake mwenyewe. Kumsomea kungenitwaa dakika kumi, mpenzi msomaji. Dakika kumi tu.

Akahamia mbali, ngambo ingine ya mji. Hakunigombeza hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

NJIA YA KUFIKA

Mwanangu wa mwisho alikuwa anasoma mambo ya umeme kule Guangzhou. Mwaka wa 2019 ndugu zake walichanga feza ya tiketi, wakasema: "Mama naye aende atembee."

Ninyi vijana, sikilizeni vizuri. Kwanza pasiporti. Kisha barua ya mwaliko, ambayo mwanangu aliandika na kutia ndani kopi ya pasiporti yake na ya kibali chake cha kukaa. Viza tuliiomba kwa ubalozi wa China ulio Kinshasa. Mwenye kwenda kutembea tu anaomba viza ya utalii. Mwenye kutembelea jamaa anayekaa kule anaomba ile ya jamaa. Usichanganye, maana kila viza ina siku zake. Sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2013 inasema kwamba mwenye kupitisha siku za viza anaweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10.000, ao kufungwa siku 5 mpaka 15. Usisahau pia kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano. Na mtu akikuambia njiani kwamba atakufanyia haraka ukimwachia pasiporti yako, endelea na safari yako.

Siku mbili kabla ya kuondoka, jirani yangu akanijia. Alikuwa amebeba furushi la samaki ya kukauka kwa ajili ya mwanangu, ambaye zamani alimbeba mgongoni. Sherti nikatae. Mwanangu alikuwa ameniandikia kwamba China hairuhusu msafiri kuingiza nyama ao samaki. Mama yule akaangalia furushi lake, akalifunga tena polepole. Kisha akaniuliza:

"Kule banaandika sawa siye?"

Nikamjibu hapana, wana alama zao, maelfu na maelfu, na hata mimi sitajua kuzisoma. Akanyamaza kidogo.

"Basi usikiye. Miye natembeaka vile siku yote. Ukifika fasi haujue, shika bintu tatu: kintu ya murefu, kintu yenye haitembeake, na kintu ya kunuka. Ya murefu unaiona toka mbali. Yenye haitembeake ni muto, ao daraja, ao reli. Mutu anaweza kukudanganya, lakini muto haidanganye. Na kama macho inashindwa, pua itakufikisha."

Nilimjibu "ndiyo, mama, ndiyo," vile watu wenye masomo wanavyojibu.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300. Unaijua ile balabala. Mbele yetu na nyuma yetu yalikuwa makamyo yenye mabamba ya shaba, yakielekea Kasumbalesa, na kutoka pale mpaka bandari za Dar es Salaam ao Durban, na meli mpaka China. Nikawaza: shaba yetu nayo inakwenda ninakokwenda, lakini yenyewe haiombi viza.

Kwenye uwanja wa Luano nilipanda ndege ya Ethiopia mpaka Addis Ababa, na kutoka pale nikapanda ingine, usiku wote, mpaka Guangzhou. Saa za kule zinatangulia zetu kwa saa 6: kwetu jua likiwa katikati ya kichwa, kwao wanawasha taa. Siku tatu za kwanza nilikuwa ninasinzia mezani kama mtoto wa shule.

CHINI YA UDONGO

Uwanja wa ndege unaitwa Baiyun. Mwanangu alinikumbatia, kisha akanishusha chini ya udongo. Sisi watu wa migodi tunajua kushuka chini ya udongo ni nini. Baba ya watoto wangu alishuka miaka mingi kule Kamoto, na taa juu ya kofia, na sisi kwenye nyumba tulihesabu saa mpaka arudi. Kule Guangzhou niliona mabibi wanashuka na mifuko ya mboga, watoto wanashuka wakila peremende. Ile treni yao ya chini ilianza mwaka 1997, na siku hizi inapita karibu mji wote.

Unanunua tiketi katika masini. Ni kama kifungo kikubwa cha plastiki, cha mviringo. Bei ndogo kabisa ni yuan 2. Mfuko wako unapita kwanza katika masini ya kuangalia vitu vya hatari. Kila njia ya treni ina namba na rangi: ya 1 ni ya manjano, ya 2 ni ya buluu, ya 3 ni ya rangi ya machungwa, ya 5 ni nyekundu. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu, na milango ya kutokea inaitwa A, B, C, D. Nilisoma "Tiyu Xilu" kwa sauti, watu wakageuka. Nikamwambia mwanangu: "Kumbe ninasoma! Hii si vigumu." Akacheka, akasema: "Mama, ungoje tutoke inje."

Mwanangu alikuwa amepanga chumba karibu na kituo cha Gangding. Sheria ya kule inasema kwamba mgeni asiyelala hoteli sherti ajiandikishe kwa polisi katika saa 24. Hoteli inakufanyia yenyewe. Ukilala kwa jamaa, ni ninyi mwende. Tukaenda jioni ile ile. Polisi, kijana mpole, akatoa karatasi yenye alama za Kichina tupu, akaweka kalamu mbele yangu, akagusa kwa kidole mahali pa kutia sinyatiri.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, lakini mkono ulikataa.

Nikamwuliza mwanangu: "Inasema nini?"

"Ni jina lako tu, mama, na namba ya pasiporti. Utie."

"Unisomeye."

"Mama, watu beko nangoja."

"Unisomeye yote."

Akanisomea mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, kama vile nilivyomfundisha alipokuwa na miaka 6. Jina. Taifa. Pasiporti. Siku ya kuingia. Adresi. Siku ya kutoka. Polisi akangoja. Hazikupita dakika tatu. Nikatia sinyatiri. Inje mwanangu akaniuliza kwa nini mkono wangu ulitetemeka. Sikumjibu.

Siku zilizofuata tulitembea sana. Katika bustani ya Yuexiu niliona sanamu kubwa ya mawe ya mbuzi watano; wenyeji wanasimulia kwamba zamani za kale mbuzi watano waliwaletea mashuke ya mpunga, na tangu siku ile njaa haikurudi. Niliona mnara wa mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010, ambao usiku unabadilisha rangi kama kinyonga. Nilizoea kunywa maji ya moto, maana ndiyo wanayokunywa hata wakati wa joto. Kartié ya Xiaobei ndimo utawakuta Waafrika na wachuuzi. Nilisikia Kilingala, nikasikia Kiswahili cha Watanzania na Wakenya. Nikawasalimu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, wakatabasamu, wakaniita mama. Tembea na pasiporti yako yenyewe, si kopi. Polisi anaweza kukuomba kila mahali.

Sitaki nikuchoree mji wa malaika. Katika treni kuna watu waliohama kiti nilipoketi. Na mwezi wa nne wa mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala inje. Mwanangu alifungiwa chumbani siku 14, na sisi huku hatukulala. Wengi walirudi kwao. Milango ya China ilifunguliwa tena kwa wasafiri mwezi wa kwanza wa mwaka 2023. Siku hizi karibu kila kitu kinalipwa kwa simu, hata viazi vya moto vya balabalani, na mgeni anaweza kufunga karte yake ya benki katika programu za Alipay na WeChat. Fanya hayo kabla ya kuondoka nyumbani, maana WhatsApp, Facebook na Google zimefungwa kule, na usipojitengeneza utakuwa bubu.

SIKU NILIYOPOTEA

Jumapili ya kwanza mwanangu alinipeleka kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Wenyeji wanaliita Shishi, maana yake nyumba ya mawe. Lilijengwa kwa mawe magumu tangu mwaka 1863 mpaka 1888, na lina minara miwili yenye ncha. Mle niliona Waafrika wengi wamevaa vitambaa vyetu, na nilifurahi.

Siku ya alhamisi tukarudi upande ule kununua vitu vya kuchezea vya wajukuu, kwa sababu balabala iliyo karibu, Yide Lu, ni ya maduka ya jumla. Tulitokea kituo cha Haizhu. Kabla ya kwenda dukani mwanangu akanionyesha mto wao mkubwa, Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu, na daraja la chuma la mwaka 1933, ambalo ni la kwanza kujengwa juu ya mto ule katika mji wao. Kwa mbali sana, upande wa mashariki, ule mnara mrefu ulionekana kama sindano. Niliangalia tu, sikutia maanani.

Mwanangu alikuwa na kazi ya saa moja karibu na pale. Akaniacha kwenye lango la kanisa: "Mama, usiondoke hapa." Lakini Mama Mwalimu ni nani wa kuambiwa hivyo na mtoto? Nikasema nitafuata balabala hii tu, nitarudi. Nikaingia katika njia ndogo, nikageuka, nikageuka tena. Mvua ikaanza. Karatasi yenye adresi kwa Kichina, ambayo mwanangu aliniandikia tangu siku ya kwanza, niliiacha katika mfuko mwingine. Simu ilikuwa imezimika.

Nikafika mahali pa kungojea basi. Kulikuwa na kibao kikubwa, alama tupu kutoka juu mpaka chini, bila herufi yetu hata moja. Watu walikuwa wamesimama pale. Nami, msomaji wangu, nikasogea karibu na kibao, nikaanza kukiangalia mstari kwa mstari, nikitikisa kichwa kama mtu anayesoma.

Nilikuwa ninaogopa wasijue.

Hapo ndipo nilipouona ule mkono wa jirani yangu, na kitabu cha nyimbo kichwa chini. Miguu ilinilegea.

Dada mmoja kijana akaniuliza kitu. Sikuelewa neno hata moja, lakini nikatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Akafurahi kwamba amenisaidia, basi ikafika, akanishika mkono akanipandisha. Ndivyo nilivyopotea zaidi, kwa sababu ya kusema ndiyo kwa swali nisilolisikia. Nikaketi dirishani, nikaona nyumba ndefu zinapita, zote sawa sawa. Machozi yakanitoka. Mwanamke wa miaka 63, mwalimu, mwenye diploma ukutani.

Kisha, katikati ya nyumba mbili, nikaona maji.

Nikasikia sauti yake kabisa: "Muto haidanganye." Basi iliposimama, nikashuka. Nikatembea mpaka kwenye mto, nikashika kizuizi cha chuma kwa mikono miwili. Sawa, hiki ndicho kisichotembea. Sasa kirefu kiko wapi? Mvua ilikuwa imekwisha. Nikageuza kichwa, na ule mnara ulikuwa pale, mkubwa, karibu. Asubuhi ulikuwa kama sindano. Basi nimeufuata, na sherti niupe mgongo. Nikauweka mnara nyuma yangu na mto mkono wa kushoto, nikaanza kutembea.

Nilitembea zaidi ya saa moja. Nilipita daraja, si lile. Nikapita lingine, si lile. Kando ya mto wazee walikuwa wakinyosha mikono na kucheza ngoma yao ya jioni. Nilipoketi kupumzisha miguu, bibi mmoja aliniangalia, akamimina maji ya moto katika kifuniko cha chupa yake, akanipa. Akaonyesha miguu yangu, kisha yake, akacheka. Sisi wawili hatukuwa na neno la kusemezana, lakini mambo ya miguu tulisikilizana vizuri.

Mwisho nikaliona daraja la chuma. Nikauacha mto, nikaingia katika mji, na hapo nikakosa njia tena, maana maduka yale yote yanafanana. Nikasimama. Nikafunga macho. Na harufu ikanifikia.

Samaki ya kukauka.

Msomaji wangu wa Kolwezi, ungekuwa wewe ungedhani uko sokoni kwetu asubuhi mapema. Sikujua kwamba Yide Lu ni balabala ya samaki ya kukauka na vitu vya bahari, maduka kwa maduka, magunia mpaka inje. Asubuhi tulipopita, pua yangu ilisikia lakini kichwa changu hakikuuliza. Furushi nililolikataa Kolwezi lilikuwa linaningoja Guangzhou. Niliifuata harufu ile, nikiwapita wenye maduka bila aibu, mpaka nilipoinua macho nikaona minara miwili ya mawe.

Mwanangu alikuwa langoni na mlinzi, akionyesha watu foto yangu katika simu yake. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeachwa shuleni. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mama, ulijuaje njia?"

Nikamjibu: "Kuna mama mmoja alinifundisha."

KURUDI

Nilipofika Kolwezi, sikungoja jumapili. Kesho yake nilipanda pikipiki, nikaenda mpaka kwenye nyumba yake mpya, ngambo ya mji. Alikuwa anageuza samaki juu ya gunia. Nilimwelezea yote: kibao cha basi, mto, mnara, harufu. Alicheka mpaka akajipiga mapaja. Kisha nikamwambia juu ya karatasi ya polisi, na mkono uliotetemeka, na jioni ile ya mwaka 2017. Nikamwomba anisamehe.

Aliacha kucheka. Aligeuza samaki tatu ao nne.

"Ile jioni nilijua ulikuwa unaangaliya televizyo," akasema. "Muziki yake nilisikiya kwenye mulango."

Sikuwa na jibu.

"Ile nyumba haitarudiya," akaendelea. "Miembe vile haitarudiya. Nilikusamehe zamani, juu ya kulala usiku. Lakini hii kidole, Mama Mwalimu, hii kidole nimechoka nayo. Unifundishe kuandika jina yangu."

Tulianza juma lile lile, siku ya pili na ya ine, chini ya mti wa parsela yangu. Haikuwa rahisi. Mkono wa miaka 58 uliozoea kisu na gunia haupendi kalamu. Alikasirika, akatupa daftari, akarudi. Akaleta wamama wengine wawili wa sokoni. Nami nilijifunza kutocheka, na kutosema "ni ile ile ya kila mutu". Tarehe 20 mwezi wa 12 wa mwaka 2023, siku ya kuchagua, yule aliyekuwa nyuma ya meza alimsogezea wino wa kidole ili atie alama mbele ya jina lake kwenye listi. Mama akamwangalia akamwuliza: "Kalamu iko wapi?" Alitumia muda mrefu kuliandika jina lake, na watu wa nyuma walianza kunung'unika. Nilisimama nyuma yake nikawaambia wangoje.

Kijana unayesoma ukurasa huu, kama Mungu akikujalia kwenda Guangzhou, nenda. Beba adresi yako iliyoandikwa kwa Kichina, moja mfukoni na moja katika kiatu. Angalia mto, angalia mnara, na usitikise kichwa kwa swali usilolielewa. Lakini kabla hujaondoka, kuna mtu kwenye kartié yako ambaye amekuwa akitembea hivyo maisha yake yote, katika mji wake mwenyewe, kati ya karatasi za kompani, za hospitali, za shule. Jioni moja atabisha kwako na mukanda mkononi, na wewe utakuwa umechoka.

Zima televizyo. Mwambie aketi.